Mdudu koleo anasingiziwa, mwacheni na masikio ya watoto myaache

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi! Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimtetee mdudu. Najua mnapokea barua nyingi za barabara na bei ya unga na maji, na hizo ni muhimu kweli, ila hili la kwangu nimelibeba moyoni tangu mvua zianze na nimeona nikikaa kimya watoto wa watu wataendelea kuumizwa na bustani zetu zitaendelea kumwagiwa sumu kwa sababu ya maneno tu ambayo tumerithi na hakuna aliyekaa chini akayachunguza.

Mdudu mwenyewe mnamjua wote. Ni yule mwembamba wa kahawia anayeng'aa kama mbegu ya ukwaju, urefu wake mara nyingi haufiki hata sentimita 2, mwili bapa, vipapasio virefu mbele, na kule mwisho kabisa kwenye mkia ana koleo, yaani vile viwili kama mkasi ambavyo ukimgusa anavipandisha juu anavifungua na kuvifunga. Ukiinua ndoo iliyokaa nje siku mbili unamkuta. Ukiinua tofali, gogo, kiroba cha samadi, unamkuta, anatimka mbio kutafuta ufa mwingine wa kujibana. Jina lake watu hatukubaliani, hapa mtaani Nkuhungu wengine wanasema mdudu mkasi, wengine mdudu wa masikio, mi nyumbani namwita mdudu koleo na humu nitamwita hivyo hivyo maana hilo la masikio ndo hasa ninalolipinga.

Nianze na lililonifanya nichukue kalamu. Mwezi wa kwanza, usiku kama saa nne hivi, mvua imetoka kukatika, nikasikia kilio nyumba ya jirani. Mtoto wa miaka sita ameshika sikio anarukaruka, anasema kuna kitu kinatembea. Mtu mmoja akasema huyo ni mdudu mkasi, jioni niliwaona pale kwenye karai, akichelewa kutolewa anafika kwenye ubongo anataga mayai. Basi hofu ikaingia nyumba nzima. Mi nafika mlangoni nakuta wameshamlaza mtoto, wamemtia mafuta ya taa sikioni na mtu mzima anachokonoa kwa kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa pamba. Sina nia ya kumlaumu mtu, walikuwa wanampenda mtoto wao na walikuwa wanafanya kile walichofundishwa na wazee wao. Tulipanda bodaboda mpaka hospitali, daktari akaosha sikio taratibu kisha akamtoa mdudu kwa kibano, akamweka juu ya pamba nyeupe ili wote tumuone.

Kamende. Kale kadogo kekundu ka jikoni. Hakakuwa na koleo wala mkasi. Lakini ngozi ya ndani ya sikio ilikuwa imeungua kwa mafuta ya taa na kiwambo kimekwaruzwa na kijiti, mtoto akatibiwa wiki nyingi, na mpaka leo ukimwita kwa upande ule inabidi umwite mara mbili.

Yule daktari alituchorea kwenye karatasi na mi nitaeleza kama alivyotueleza. Njia ya sikio ni fupi, kwa mtu mzima ni kama sentimita 2 na nusu, na mwisho wake imezibwa na kiwambo, ngozi iliyowambwa kama ya ngoma. Hakuna kichochoro cha kutokea pale kwenda kwenye ubongo. Mdudu yeyote anaweza kupotea akaingia, hasa mtu akiwa amelala chini kwenye mkeka, ila wanaokutwa sana ni mende maana hao ndo tunaoishi nao ndani na wanazunguka usiku kutafuta mabaki ya chakula. Mdudu koleo anatafuta unyevu na udongo na giza la chini ya jiwe, hana haja na sikio la mtu, hana sumu, hana mwiba, na hatagi ndani ya kiumbe chochote kilicho hai. Akikubana kwa koleo lake utahisi kufinywa, basi, na yeye anakuwa ameogopa kuliko wewe. Wengine wa jamii yake wakishikwa wanatoa maji ya manjano yenye harufu kali, hiyo ni silaha yake nyingine dhidi ya ndege na vyura, ukinawa inaisha.

Na kwa kuwa nimeshaanza kulisema hili acha nilimalize. Mdudu akiingia sikioni mlaze mtoto kwa ubavu, sikio lenye mdudu liangalie juu, mdondoshee matone machache ya mafuta ya kula ya uvuguvugu, sio ya moto, mdudu atakosa hewa aache kukwaruza, halafu nenda hospitali wakamtoe. Kama sikio lilishawahi kutoboka au linatoka usaha usitie kitu chochote, nenda moja kwa moja. Mafuta ya taa hapana. Kijiti hapana, pini ya nywele hapana, hata kama bibi yako alifanya na mtu akapona.

Kumbe haya maneno hatukuyaanzisha sisi huku Ugogoni. Nimekuja kujua kwamba Waingereza nao jina lao kwa huyu mdudu lina sikio ndani yake, Wajerumani hivyo hivyo, Wafaransa ndo wanamwita kabisa mtoboa sikio, na yule Msweden Linnaeus aliyekuwa anawapa viumbe majina ya kisayansi mwaka 1758 alimwandika yule wa Ulaya *Forficula auricularia*, ambayo ni kama kusema kimkasi cha sikio. Wengine wanasema jina lilitokana na bawa lake maana likikunjuliwa lina umbo kama la sikio la mtu. Mi sijui nani alianza, ila naona uvumi umezunguka dunia nzima miaka mamia na huyu mdudu hajapata hata mtu mmoja mtaani kwetu wa kumsemea.

Sasa nieleze mimi nimemjuaje. Nina bustani nyuma ya nyumba, si kubwa, matuta saba ya mchicha, Chinese na figiri, mpapai mmoja na mizabibu mitatu niliyoipandisha kwenye kichanja. Mwezi wa kumi na mbili mvua za kwanza zilipolainisha ardhi nikawa nasogeza matofali ya pembeni ya tuta, nikainua moja nikakuta kishimo kidogo kama cha kutosha ncha ya kidole, ndani yake kuna rundo la mayai meupe yanang'aa kama lulu, na juu yake amekaa mdudu koleo jike. Hakukimbia. Hilo ndo lilinishika, maana huyu mdudu siku zote kazi yake ni kukimbia, nimewahi kuinua mawe mia na wote walikimbia, huyu akageuka akaniinulia koleo akabaki pale pale juu ya mayai.

Nikarudisha tofali polepole. Kesho yake jioni nikarudi na tochi ya simu nimeifunika kwa upande wa kanga ili mwanga usiwe mkali, nikainua kidogo tu. Nilimwona anachukua yai moja kwa mdomo, analizungusha, analilamba pande zote, analiweka, anachukua lingine. Nikahesabu mayai nikafika 30 na kitu nikapoteza hesabu. Siku nyingine tofali lilikaa vibaya mwanga ukaingia, akaanza kuhamisha yai moja moja kulipeleka ndani zaidi kwenye giza, safari kwa safari, mpaka yakaisha yote, na mi magoti yameshaniuma nimeinama pale kama nusu saa siwezi kuondoka.

Huko kulamba sio mapenzi ya bure tu, ana sababu. Udongo wa masika umejaa kuvu, na yai la mdudu lililoachwa kwenye unyevu linaota ukungu haraka sana. Nililiona mwenyewe kwa bahati mbaya, kulikuwa na kiota kingine upande wa mpapai, mvua kubwa ikaja ikapitisha maji pale, mama yake akapotea sijui kafa sijui kasombwa, mayai yakabaki. Siku ya tatu yameshaota manyoya ya kijivu. Hata moja halikutoka. Ya yule wa chini ya tofali yalibaki meupe safi mpaka mwisho, na kadiri siku zilivyokwenda nikaanza kuona vidoa vyeusi ndani, macho yale.

Wasomi walishaliona hili zamani. Kuna Msweden mwingine, Charles De Geer, karne ya 18, alichukua mama na mayai yake akayatawanya, yule mama akayakusanya moja moja akayarudisha sehemu moja akakaa juu yake tena. Na wale wa Ulaya wanataga kama mayai 30 mpaka 60 wakati baridi inaanza, mama anakaa nayo chini ya ardhi kipindi chote cha baridi, kwa miezi, muda mwingi bila kula. Dume anakuwepo mwanzoni ila mama akishataga anamfukuza, maana dume anaweza kuyala mayai. Kwa wanaotaka kuwatofautisha, koleo la jike limenyooka na la dume limepinda kama ndoana mbili zinazotazamana.

Mayai yangu, nasema yangu maana nilishayazoea, yalianguliwa kama siku ya kumi na moja tangu niyaone. Watoto weupe kama maziwa, wadogo kuliko sisimizi, lakini wameshakamilika, wana vipapasio, wana miguu, wana koleo limenyooka kama sindano mbili. Huyu mdudu hapiti kwenye hatua ya kiwavi kama kipepeo, anazaliwa na sura yake, anakua kwa kujivua ngozi mara nne au tano mpaka anakuwa mtu mzima, na kila akijivua anakuwa mweupe kwa saa kadhaa kabla hajarudi rangi ya kahawia, kwa hiyo ukikutana na mweupe usiku usidhani ni mdudu mwingine. Wiki ya kwanza walikaa wamemzunguka mama yao kama vifaranga. Usiku mama anatoka, anarudi na kitu mdomoni au anawatapikia alichokula, na watoto wanasukumana pale kwenye mdomo wake. Nimefuga kuku miaka mingi nikaona kuku anavyohangaika na vifaranga, sikuwahi kudhani mdudu naye ana hayo. Wadudu wengi wanataga na kuondoka.

Sasa hapa ndo inabidi niseme jambo linalonichoma. Mwaka juzi kabla sijajua lolote kati ya haya nilikuta mchicha una matundu, nikaenda duka moja la pembejeo, sitalitaja, nikaeleza nina wadudu wenye mkasi. Muuzaji hakuniuliza matundu yakoje, hakuniuliza wameonekana saa ngapi, akanipa chupa akasema piga hii inamaliza kila kitu. Hakuniambia nikae siku ngapi kabla ya kuchuma. Nikapiga bomba zima jioni. Asubuhi nilikuta wadudu koleo wamekufa kando ya matuta, na pamoja nao buibui, na wale wadudu wekundu wa duara wenye madoa, nikafurahi nikijua dawa ni nzuri.

Baada ya kama wiki mbili Chinese ikaanza kujikunja. Nageuza jani, chini yake kumejaa vidukari, wale wadudu mafuta wa kijani, wamebanana mpaka jani halionekani, linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka. Vidukari hawasubiri dume, jike peke yake anazaa jike na huyo ndani ya siku chache anazaa tena, kwa hiyo kama hakuna wa kuwala usiku na mchana wanajaa kabla hujageuka. Na wa kuwala usiku alikuwa nani? Ni huyo huyo niliyemuua. Mdudu koleo anapanda mmea usiku anakula vidukari, utitiri, mayai ya wadudu wengine, vijiviwavi vidogo, na akishuka chini anakula ukungu na majani yaliyooza. Yale matundu ya mwanzo, nilipokuja kufuatilia kwa tochi, mengi yalikuwa ya viwavi na panzi. Nilifyeka matuta manne yale yote nikafukia shimoni, na nilishukuru tu kwamba sikuwa nimemuuzia mtu.

Sisemi hana kosa. Akiwa mwingi na chakula chake kimepungua anatafuna miche michanga kwenye kitalu, anapenda petali za maua laini, na tunda lililopasuka au kutobolewa na ndege anaingia ndani analimalizia, kwenye zabibu utamkuta amejibana katikati ya kichala ukikata. Mwenye kitalu cha nyanya ana haki ya kulalamika. Ila dawa yake mnayo nyie wenyewe Mhariri, ni gazeti. Gazeti likishasomwa lilowanishe kidogo, liviringishe kama bomba liache uwazi katikati, liweke kando ya kitalu jioni. Wanapenda kujibana sehemu nyembamba yenye unyevu na wanafuatana kwa harufu, akiingia mmoja wengine wanamfuata, asubuhi unaliokota limejaa. Usiwachome. Nenda kawakung'ute kwenye mboji au kwenye mti wenye vidukari, kazi ipo inawasubiri. Na matandazo yasibanane na shina la mche mchanga, yaache mbali kiasi cha kiganja mpaka mche ukomae, hapo hawatausumbua.

Wenzetu Ulaya wenye mashamba ya tufaha wanafanya kinyume kabisa na sisi, wanachukua chungu cha maua wanakijaza majani makavu wanakining'iniza kichwa chini kwenye mti ili mdudu koleo apate pa kulala mchana, usiku atoke ale vidukari wa tufaha. Wanamwekea nyumba. Na Brazil kwenye mahindi yupo mmoja wa jamii hiyo anaitwa *Doru luteipes*, anakaa kule kwenye kikombe cha majani ya juu, anakula mayai na viwavi wadogo wa yule kiwavijeshi vamizi. Naomba wakulima wa Kongwa na Chamwino na Bahi wasome hapo mara mbili. Kiwavijeshi vamizi katokea huko huko Amerika, akaonekana Afrika mwaka 2016 na kwetu Tanzania 2017, na wote tunakumbuka alivyotafuna mahindi ndani ya moyo wa mmea ambako dawa haifiki vizuri. Mdudu koleo anafika, maana ni bapa na anapenda kujibana. Huku Afrika nako wapo wa kwetu wanaokutwa ndani ya mahindi wakifanya kazi hiyo hiyo, na mkulima akiwaona anadhani ndo waliomtoboa mahindi yake, anapiga dawa, anawaua walinzi na kiwavi amejificha ndani salama.

Binti yangu wa darasa la tano alipoona nahangaika na tofali akaanza kuja na maswali, akaniuliza mama huyu anaruka? Tukachukua mmoja aliyekufa, wa wale wenye vibawa vifupi mgongoni kama koti lisilofika kiunoni (wapo pia wasio na mabawa kabisa), nikainua kile kifuniko kwa sindano, chini yake kikatoka kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinafunguka, kinafunguka, binti akashika mdomo. Bawa zima linakunjwa kama feni na kukunjwa tena mpaka linaingia chini ya kifuniko kidogo vile, likifunguliwa eneo lake linakuwa mara kumi na zaidi ya lilivyokunjwa. Mwaka 2018 watafiti wa Zurich huko Uswisi na chuo cha Purdue Marekani walichapisha utafiti wa namna linavyojikunja lenyewe bila misuli mingi, wakitaka kujifunza kutengeneza vitu vya kukunjika. Anayo mabawa namna hiyo na anaruka mara chache sana, anapenda kutembea. Wakati mwingine koleo lile lile ndo analitumia kama mkono kusaidia kukunja au kukunjua bawa.

Na wapo wengine wa jamii yake ambao hata koleo hawana la maana, vipofu, hawana mabawa, wanaishi ndani ya manyoya ya panya buku, hapa hapa Afrika, wanakula ukungu na ngozi kavu ya panya na wanazaa watoto hai bila kutaga. Panya buku ni wale wanaofundishwa kule chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Duniani zipo kama aina 2,000 za hawa wadudu wenye koleo na sisi tunawajua kwa uvumi mmoja tu.

Kuna jambo nililisoma likaniondolea usingizi. Kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, kilikuwa na mdudu koleo mkubwa kuliko wote duniani, anafika sentimita 8, urefu wa kidole. Alikuwa anaishi chini ya mawe. Panya na tandu wakali wakaletwa na meli, na mawe yaliyokuwa nyumba yake yakachukuliwa kwenda kujengea. Mara ya mwisho kuonekana hai ni 1967, na mwaka 2014 wakatangaza rasmi kwamba ametoweka. Mi nikiangalia jinsi mji wetu unavyojengwa sasa, kuanzia Mtumba mpaka Ihumwa mpaka Nzuguni, kila kiwanja kinasafishwa mpaka kinabaki udongo mwekundu mtupu, kila jiwe linabebwa, kila kichaka kinachomwa, halafu tunapanda ua na maua na tunaanza kununua dawa. Ukijenga acha mawe mawili matatu kwenye kona. Acha gogo la mti lioze pembeni ya ukuta. Hata Dodoma yetu yenye jua kali, chini ya gogo pana unyevu mpaka mwezi wa saba.

Akiingia ndani ya nyumba pia asiwatishe. Amefuata unyevu wa bafu au ameletwa na nguo zilizoanuliwa usiku au na fungu la mchicha, hali nguo, hatafuni mbao, na ndani ya nyumba kavu hawezi kuzaliana. Mfagie umtoe nje.

Ombi langu kwenu Mhariri ni moja. Mna ukurasa wa kilimo kila wiki na mimi nausoma wote, mara nyingi mnaandika dawa gani inaua nini. Wekeni picha za wadudu wasiopaswa kuuawa, kubwa, za rangi, huyu mwenye koleo, yule mwekundu mwenye madoa, buibui wa bustani, vunjajungu, ili mtu akienda dukani awe na karatasi mkononi ya kumwonyesha muuzaji. Na ndugu zetu maafisa ugani, na watafiti wa zabibu kule TARI Makutupora, ningependa sana kusikia kutoka kwao huyu mdudu anafanya nini kwenye mizabibu yetu ya Hombolo na Mpunguzi, usiku, kwa tochi, kabla zabibu hazijaiva na baada ya kuiva, maana kwenye mizabibu yangu mitatu mwaka huu sijapiga dawa ya wadudu hata mara moja na machipukizi yako safi.

Lile tofali nimelipaka chokaa ili mtu asilisogeze. Watoto wameshatawanyika, nimebaki nakuta mmoja mmoja wakubwa kidogo chini ya majani ya mpapai, na yule mama jana usiku alikuwa peke yake kwenye kile kishimo, anakisafisha.

Msomaji wenu,
mama wa bustani, Nkuhungu, Dodoma